Mwaka wa Mgongo, na Mbwa Aliyeitwa Mpangaji

Siku hizi naweza kusimama jikoni mpaka ugali uive. Naanza na hilo kwa sababu najua kuna mtu atakayesoma haya akiwa amelala chali, anatazama dari, na anachotaka kujua ni kitu kimoja tu: nitasimama tena? Mimi nilisimama. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoambiwa, na sisimami kama zamani, lakini ugali wangu naupika mwenyewe.

Mambo ya vijidudu na jinsi dawa zinavyofanya kazi waulize wenye taaluma yao. Mimi ni fundi cherehani wa Lemara, Arusha. Ninachokijua ni mabenchi ya hospitali, kitanda cha nyumbani kwa mama yangu kule Akheri, na mbwa mmoja. Watu wa kwangu husema nikianza kusimulia ugonjwa wangu naishia kumsimulia mbwa. Ni kweli, na sijapata namna nyingine ya kuusimulia.

Alikuwa jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, sikio moja limechanika. Nilimkuta Njiro, miaka michache kabla sijaugua, nilipoitwa kupima mapazia kwenye nyumba ambayo wapangaji walikuwa wamehama. Mwenye nyumba alitaka kila kitu kiwe kipya kabla wengine hawajaingia. Nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, mbwa alikuwa amefungwa mnyororo mfupi. Kwa kuzunguka palepale kila siku alikuwa amechora duara kwenye udongo, na ndani ya duara lile hapakuwa na hata jani moja. Mnyororo ulikuwa umemla ngozi ya shingo. Askari wa getini aliniambia kwamba waliohama wamemwacha, na yeye humpa makombo ya ugali wake akiwa nayo.

Nilipima madirisha, nikaandika vipimo vyangu, nikaaga. Nilipofika barabarani nikasimama, kisha nikarudi. Askari akampigia simu mwenye nyumba, na mwenye nyumba akasema nimchukue hata sasa hivi.

Mume wangu ni fundi bomba, mtu asiye na maneno mengi. Jioni ile aliporudi alimkuta mbwa amejikunja chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Akauliza huyu ni nani, nami nikamweleza. Alimtazama kwa muda, akasema, "Basi huyu ni mpangaji tu. Akishindwa masharti, anahama." Binti yetu Neema, ambaye wakati huo alikuwa bado shule ya msingi, alilidaka jina hilohilo, na kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulikuwa unamwita Mpangaji.

Nakumbuka mno miaka ile ya kwanza. Nilikuwa nashona sare za shule, na msimu wa kufungua shule ukikaribia, nyumba ilijaa marinda ya bluu na mashati meupe. Mpangaji alilala juu ya mabaki ya vitambaa, karibu na pedeli ya cherehani, na nikikanyaga pedeli mkia wake uliendelea kupigapiga sakafu kana kwamba na yeye anashona. Hakuwahi kuzoea sauti ya mnyororo. Jirani akifungua geti lake la chuma, Mpangaji aliingia chini ya meza na kubaki huko mpaka nimguse. Jirani huyo, Mama Zuhura, ni mwenyeji wa Kondoa, ana hoteli ndogo ya supu pale njia panda. Kwa imani yake hamgusi mbwa, na alitueleza hivyo tangu mwanzo kwa upole kabisa. Lakini alianza kumwekea mifupa kwenye kopo la rangi, akaliacha ukutani upande wetu, na hakukosa hata siku moja hoteli ilipokuwa wazi.

Maumivu yalianza wakati wa masika. Mgongo uliuma katikati, kama mtu ameuchomeka kijiti, na kila niliyemwambia alilaumu kiti. Yeyote akikaa kutwa kwenye cherehani ataumwa vilevile, walisema, na mimi nikakubali, maana ilikuwa hoja yenye akili. Nikabadili kiti. Nikanunua dawa ya kuchua, nikanunua vidonge vya maumivu duka la dawa, vikaisha, nikanunua vingine. Mchungaji akaniombea. Nguo zangu mwenyewe zikaanza kunipwaya, mimi fundi nikawa natembea na sketi niliyoibana kwa pini. Nilikuwa naamka shuka limelowa jasho, nikasema ni umri, wanawake wa umri wangu ndivyo wanavyokuwa.

Aliyeona jambo la pili kabla yangu ni Mpangaji. Tulikuwa tunatoka sokoni, mimi mbele na yeye nyuma, nikagundua hanifuati. Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya njia, pembeni ya ndala yangu moja. Nikatazama mguu, uko peku, umejaa tope, na sikuwa nimehisi ndala ikivuka wala tope likiingia katikati ya vidole. Nilirudi nikaivaa. Hatukufika mbali ikavuka tena, na Mpangaji akasimama tena. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani nikajifinya mguu kwa kucha. Nilikuwa naona kucha inavyozama, lakini ni kama nafinya mguu wa mtu mwingine.

Kama wewe unayesoma haya umefika hapo, tafadhali usingoje kama nilivyongoja mimi. Nenda hospitali kesho asubuhi.

Mabenchi nimeyajua ya kila aina. Kuna benchi la mbao lisilo na egemeo, ambalo kwa mgonjwa wa mgongo ni adhabu. Kuna viti vya plastiki vilivyounganishwa, mwenzako akikohoa mnatikisika wote. Nilijifunza kusimama nimeegemea ukuta na kumwomba aliye jirani aniitikie nikiitwa. Arusha walinipiga picha ya kwanza, wakanituma Moshi kwenye mashine ile ya kulazwa ndani ya bomba. Baba Neema alinishika mkono njia nzima, na tulipofika alinibeba kutoka kwenye gari kama mtoto, mbele ya watu, jambo ambalo mtu wa aina yake hangelifanya hivihivi.

Daktari alikuwa dada mdogo, pengine amemzidi Neema kwa miaka michache tu. Alivuta kiti akakaa karibu kabisa na kitanda. Aliniambia ni kifua kikuu.

"Mimi sikohoi, daktari," nikamwambia.

"Najua, mama. Cha kwako kimeingia kwenye mfupa. Kimekula pingili mbili za uti wa mgongo, na usaha umebana mishipa inayokwenda miguuni."

Nikamuuliza kama miguu itarudi. Hakukwepa. Alisema wataanza na dawa, nilale nisinyanyuke, nivae mkanda mgumu wa kukaza kiwiliwili, na miguu ikizidi kulegea watanipasua. Alisema wengi hurudi. Nikamwuliza na wale wasio wengi. Akanishika goti, akasema, "Kwa hao tunaendelea kuwa nao." Mpaka leo namkumbuka kwa jibu hilo.

Jina la ugonjwa lilifika Lemara kabla yangu. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, wengine walituma watu. Daktari alikuwa ameeleza kwamba cha mfupa hakimwambukizi mtu kwa kukaa naye, lakini utamweleza nani? Wifi yangu Naomi, dada wa mume wangu, alikuja kunihudumia wodini. Sitamsema vibaya wifi yangu. Alinigeuza, aliniogesha, alinitolea haja pasipo kuonyesha kinyaa, na hakuna malipo ya jambo hilo. Lakini ni yeye aliyekuja siku moja, saa ya kutazama wagonjwa, akaniambia huku akinimenyea chungwa kwamba Mpangaji amepelekwa Nduruma.

"Shemeji yangu kule ana shamba la vitunguu, anahitaji mlinzi," alisema. "Mgonjwa wa kulala hawezi kukaa na mbwa, wifi. Mbwa ana magonjwa yake. Na kaka amekubali."

Baba Neema alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anatazama sakafu. Kugeuka upande siwezi, nikageuza kichwa tu, nikatazama ukuta mpaka kengele ikalia wakaondoka. Nilikuwa nimelia kidogo sana tangu niugue. Siku ile nilimlilia mbwa, na wenzangu wodini walidhani nimepata taarifa ya msiba.

Niliporuhusiwa, ilionekana wazi kwamba Lemara hapafai. Baba Neema alikuwa anashinda kazini, Neema alikuwa shule ya bweni, wifi ana familia yake. Wakanipeleka kwa mama yangu, Akheri, mlimani, kwenye nyumba niliyozaliwa. Msimu wa baridi ulikuwa umeingia. Ukungu ulishuka kutoka Meru asubuhi ukakaa kwenye migomba mpaka karibu na adhuhuri, na kutoka kitandani nilikuwa naona majani yakichuruzika maji bila mvua kunyesha. Mama alikuwa amenisogezea kitanda dirishani. Alikuwa mzee tayari, na kiuno chake chenyewe kilimsumbua, lakini alininywesha uji, na mchana alinipikia loshoro, mahindi yale ya kuchanganywa na maziwa ya mgando, akinilisha kwa kijiko alichonilishia utotoni au kingine kinachofanana nacho.

Vidonge nilivimeza kila asubuhi kabla ya chakula. Hakuna aliyenionya vya kutosha kuhusu rangi. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa, kama soda, na mara ya kwanza mama alipoumwaga alirudi ameshika mdomo. Hata machozi yalikuwa na rangi. Mto wangu ulikuwa na madoa ya njano ambayo mama aliyafua, yakarudi, akayafua, kisha akaacha kuuliza. Kichefuchefu kilinijia kila baada ya vidonge na kukaa nami mpaka saa nne. Mapaja yakapungua yakawa sawa na mikono. Mkanda ulinichuna mbavuni. Nilipokuwa napelekwa zahanati kuchukua dawa za mwezi, muuguzi mmoja mnene mwenye sauti ya kiume aliniona kwenye kiti cha kubebwa akasema kwa sauti kwamba huyu wa mgongo anaanza, na kama kuna mwenye nongwa amfuate yeye. Hakuna aliyemfuata. Kuanzia hapo sikungoja tena.

Jumapili moja, watu wametoka kanisani, nilisikia pikipiki ya mume wangu ikipanda. Alikuwa anakuja kila Jumapili. Lakini siku hiyo alizima injini mbali kidogo, nikasikia anazungumza na kitu. Mama akatoka kumtazama. Nikasikia mama akisema, "Hapana. Hapa kwangu mbwa halali ndani."

Baba Neema alikuwa amemfunga Mpangaji kwenye tenga la nyanya, nyuma ya pikipiki. Alimbeba mpaka mlangoni, akamweka chini. Sijui kama nilimtambua. Mbavu zilikuwa nje, na pale shingoni ambapo tulikuwa tumepauguza mpaka manyoya yakaota, palikuwa pekundu tena. Alisimama kizingitini akinusa. Nikamwita kwa jina. Hakukimbia wala hakubweka. Aliingia polepole, tumbo likikaribia sakafu, akaweka kidevu chake ukingoni mwa kitanda, akatulia hivyo.

Mume wangu alikaa kwenye kigoda. Alisema alipita Nduruma kufunga pampu. Baadaye nilikuja kujua hakukuwa na pampu yoyote.

"Walimfunga mnyororo, Mama Neema," akasema. "Kwenye banda la vitunguu. Chakula kiko mbele yake kimejaa inzi. Wakaniambia ana kiburi, hali. Nilikaa pale juu ya ndoo, nikamwangalia. Hata kunyanyuka hakunyanyuka." Akafuta uso kwa kiganja. "Wewe uko huku umelala, na yeye yuko kule amelala. Nikasema hapana, wawili ni wengi mno kwangu."

Katika ndoa yetu yote hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mara moja. Dada yake alimnunia muda mrefu. Wakaja kupatana Krismasi, mbuzi alipochinjwa.

Amri ya mama ilidumu mchana mmoja. Jioni ile Mpangaji alilala kizingitini, miguu ya mbele ndani na mwili wote nje, na mama akasema hiyo inaruhusiwa. Kesho yake mabega nayo yalikuwa ndani. Mama alipita juu yake na sufuria, akamwangalia, akaendelea na shughuli zake. Kufikia mwisho wa wiki mbwa alikuwa chini ya kitanda changu, mama akawa anafagia kwa kumzunguka, akimkemea kwa Kimeru na kumwita mke mwenza. Mama Zuhura aliposikia amerudi kwetu, akarudisha kopo lake. Baba Neema alikuwa analipandisha mlimani kila Jumapili, limefungwa kwa mfuko wa nailoni, pamoja na salamu na sala zake.

Mchana ni mrefu kwa mtu wa kulala. Nilimsikia Mpangaji akipumua chini yangu, nikawa nafuata pumzi zake na zangu zikatulia. Alizoea kutoka, kuzunguka shamba la kahawa la mama, kurudi na baridi ya nje kwenye manyoya yake, na kunusa mikono yangu kana kwamba anahakikisha sijaondoka. Kisha alikwenda upande wa miguu. Blanketi lilikuwa fupi, miguu ilikuwa inatokeza, naye aliilamba. Nilikuwa namwona akifanya hivyo na sihisi chochote. Nilikuwa natazama pembeni.

Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, hilo nalikumbuka kwa sababu mama alikuwa nje na wachumaji na nilikuwa nawasikia wakicheka. Nilikuwa nimefumba macho. Kitu cha baridi kikanigusa chini ya dole gumba la mguu wa kushoto. Nilidhani naota. Kikagusa tena, baridi, unyevu, na nikajua ni pua. Nikafungua macho. Mpangaji alikuwa ananusa kidole changu, na mimi nilikuwa nahisi.

Nilimwita mama kwa sauti ambayo ilimfanya aache kikapu chake, naye akaja mbio akifikiri nakata roho. Nilipomwambia, alikaa chini sakafuni, yeye ambaye kiuno hakimruhusu, akanishika vidole kimoja kimoja akiniuliza, hiki? Na hiki? Vingi vilikuwa bado. Lakini kile kimoja kilikuwa changu tena. Jioni hiyo Mpangaji alipewa loshoro ndani ya bakuli la watu.

Miguu haikurudi kwa haraka. Ilikuja na moto kwanza, kama kukanyaga upupu, na usiombe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kukaa, kisha kusimama, kisha kuburuta fremu ya chuma ya kutembelea. Nilianguka mara nyingi. Safari yangu ya kwanza ilikuwa hadi chooni, na niliporudi nililala kama mtu aliyelima kutwa. Mvua za vuli zilipokatika, nilitoka uani. Halafu mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Halafu getini. Neema alipokuja likizo alinikuta getini nimesimama, akaangusha begi lake barabarani.

Mpangaji alikuwa anatangulia. Hakuwa mbwa wa kufundishwa, na sidai alijua anachofanya, lakini alikuwa na tabia ya kwenda mbele kidogo, kusimama, na kungoja bila kugeuka. Nikimfikia, anasonga tena. Hivyo tulivuka mfereji kwa daraja la mbao, tukapita kwa Mama Elifasi anayeuza miche ya kahawa, tukapita kwenye nyumba ya mzee mmoja fundi saa, mpaka kwenye kona ya kanisa, ambako Bibi Anandumi ana kibaraza chenye benchi. Ile ndiyo ilikuwa barabara yangu yote duniani. Kwenda na kurudi ilituchukua asubuhi nzima. Watu walitusikia kwa mlio wa fremu kwenye mawe, wakatoka kusalimia, na wengi walimsalimia mbwa kwanza. Walinipa ndizi, walinipa maziwa, Mama Elifasi aliniwekea gunia la kukalia. Miezi ile ilikuwa migumu, mwili ulikuwa unauma kila mahali, na bado nikiulizwa ni wakati gani ningependa kuuishi tena, ningetaja asubuhi zile.

Nilimaliza vidonge masika iliyofuata. Muuguzi wangu wa sauti nene alinipigia makofi, na wagonjwa waliokuwa wanangoja, wengine wakiwa wamevaa barakoa, wakapiga pia. Nawaambia wale walio katikati: vidonge vya mwezi wa mwisho ni vigumu kuliko vya kwanza, kwa sababu umeshapata nafuu na unajiona mpumbavu kuendelea. Endelea.

Nikarudi Lemara. Cherehani niliipandisha juu ya meza ya kimo kirefu, nikawa nashona nimesimama kidogo, nimekaa kidogo. Nina kibiongo ambacho nguo haifichi, na mguu wa kulia hauniamini mpaka leo. Wateja walirudi mmoja mmoja. Mpangaji alirudi kwenye mabaki yake ya vitambaa. Miaka ikapita, ya kawaida, ambayo mtu haikumbuki vizuri kwa sababu hakuna lililouma, nami naisikitikia sasa kwa kutoishika vizuri. Kila mwisho wa mwezi tulipanda Akheri, tukatembea njia yetu, kwanza kwa fremu, kisha kwa fimbo, na mara chache, nikiwa na siku njema, bila kitu.

Uzee wake ulianzia nyuma. Miguu ya nyuma ilianza kuyumba, halafu ikawa inaburuta. Daktari wa mifugo alimpapasa mgongo, akasema ni umri, hakuna cha kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Nikachukua khanga, nikaipitisha chini ya tumbo lake, nikaishika ncha mbili juu kama mpini wa kikapu, nikawa namnyanyua nyuma ili atembee kwa miguu ya mbele. Hivyo tulizunguka uani. Mama Zuhura alitutazama juu ya ukuta wake, akaniuliza kama mgongo wangu unaweza. Nikamwambia hadi sasa unaweza. Siku iliyofuata mifupa ilikuja imechemshwa ikalainika, maana meno ya Mpangaji yalikuwa yamekwisha, na sikuwa nimemwambia mtu.

Alikufa saa za asubuhi, chini ya meza, wakati nikikata shati. Niliona mkia umetulia nikajua. Baba Neema hakwenda kazini. Alimfunga kwa khanga ileile, akaniuliza wapi, nikamwambia mlimani. Tulimzika kwa mama, mwishoni mwa shamba la kahawa. Mume wangu alichimba mwenyewe, kina kirefu, akakataa kusaidiwa. Mama, ambaye wakati huo alikuwa anatembea kwa shida kuliko mimi, alitoka na kigoda akakaa pale mpaka udongo uliposawazishwa, na hakusema habari za mke mwenza.

Baada ya hapo nikachukua fimbo yangu, nikawaambia nakwenda kutoa taarifa. Hawakucheka. Kwetu mtu akifa, mmoja anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia waliomjua, na niliona haifai wale watu wamkose tu siku moja bila kuambiwa. Nilivuka mfereji. Mama Elifasi aliacha miche yake, akafuta mikono, akanipa pole kama anavyopewa mfiwa. Mzee fundi saa alivua miwani. Alisema alikuwa na mbwa akiwa kijana jeshini, akamtaja jina.

Bibi Anandumi alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akachungulia nyuma yangu, kushoto na kulia.

"Umekuja na nani leo?" akaniuliza.

"Nimekuja peke yangu, bibi."

Alinielewa. Alisogeza ungo pembeni, akapiga benchi kwa kiganja nikae. Hakuniambia usilie wala hakuniambia ni mbwa tu. Aliniletea chai ya maziwa, tukanywa tukitazama njia. Jua lilipoanza kuinama nyuma ya Meru niliaga, nikashuka taratibu, nikisimama hapa na pale, maana ndio mwendo tuliouzoea.